Ngome, Jumba na Nauli: Hesabu ya Matembezi ya Siku Moja kutoka Shimanzi

Shilingi 200. Hizo ndizo familia ya watu wanne wa Shimanzi, Mombasa, itakazookoa ikizuru Ngome ya Yesu na magofu ya Jumba la Mtwana kwa siku moja badala ya siku mbili. Familia hiyo hiyo ikiunganisha magofu ya Gede na ufuo wa Watamu, itaokoa shilingi 3,550. Matembezi ni yale yale ya kutwa, mahali ni pawili kwa pawili, na kiingilio ni cha chini kote. Kinachozitenganisha hesabu hizi mbili ni barabara.

Watu wengi wakipanga kwenda kutembea huanza kuuliza kiingilio. Ni swali la haki, ila kwa Mkenya anayeondokea kisiwani mara nyingi ndilo swali la mwisho kwa uzito. Basi tuanze na nauli, kituo baada ya kituo, tuone pesa zinaishia wapi.

Familia yetu ya mfano ina baba, mama, mtoto wa miaka 12 na mwingine wa miaka 9, wote raia wa Kenya, na haina gari. Viingilio ni vile vilivyozoeleka miaka ya karibuni katika vituo vya Makavazi ya Kitaifa: Ngome ya Yesu shilingi 200 kwa mtu mzima na 100 kwa mtoto, Jumba la Mtwana na Gede shilingi 100 kwa mtu mzima na 50 kwa mtoto. Bei za serikali hubadilishwa, kwa hiyo zitazame kwenye eCitizen kabla ya kutoka nyumbani, maana malipo nayo siku hizi ni ya simu. Nauli ni makadirio yangu ya siku ya kawaida, bila mvua na bila msongamano wa sikukuu. Ukipata yako, ibadilishe namba, mpango wa hesabu utabaki huo huo.

Kipimo kingine kitakachotufaa ni mshahara. Kima cha chini kwa kibarua wa kawaida katika miji mikubwa, Mombasa ikiwemo, kilipandishwa Novemba 2024 hadi shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ukigawanya kwa siku 26 za kazi unapata kama shilingi 620 kwa siku. Shimanzi ni mtaa wa maghala ya chai, matangi ya mafuta na matrela yanayosubiri zamu, na wanaobeba magunia hapo hawahitaji kuelezwa 620 ni kitu gani.

Sasa Jumba la Mtwana. Magofu haya yako pwani, ng'ambo ya hori la Mtwapa, kilomita kama 20 kutoka kisiwani. Tuktuk kutoka Shimanzi hadi steji ya Buxton, tuseme 150. Matatu ya Mtwapa kupitia daraja la Nyali, shilingi 100 kwa kila kiti, viti vinne, 400. Kutoka barabara kuu kuteremka baharini ni kilomita tatu hivi ambazo matatu haiendi, tuktuk 250. Kiingilio, wakubwa wawili na watoto wawili, 300. Kurudi ni vile vile: 250, 400, 150. Jumla 1,900, na kati yake kiingilio ni 300 tu. Tazama pia zile kilomita tatu za mwisho: kwenda na kurudi zimekula 500, zaidi ya kiingilio chenyewe. Mguu unaweza kuziokoa, lakini jua la saa nne na mtoto wa miaka tisa vitakudai kwa njia nyingine.

Ngome ya Yesu ni rahisi zaidi kuhesabu. Tuktuk kutoka Shimanzi kukatiza mji hadi Ngomeni, 200, kiingilio 600, tuktuk ya kurudi 200. Jumla 1,000.

Ukienda siku mbili tofauti umetumia 2,900. Ukiunganisha, unarudi kutoka Mtwapa, unashuka Buxton, unachukua tuktuk ya 150 hadi Ngomeni, unalipa 600, kisha 200 kurudi nyumbani. Jumla ya siku nzima ni 2,700. Umeokoa 200, yaani asilimia 7.

Sababu anaijua kila dereva wa trela anayepakia Shimanzi. Anayepeleka mzigo Kampala anajua kuwa safari huiva kwa mzigo wa kurudi: barabara imeshalipiwa, mafuta yameshahesabiwa, kwa hiyo chochote kitakachopandishwa njiani ni nyongeza. Lakini mzigo huo ukipatikana Makupa, mlangoni kwake, haujamsaidia kitu, kwa sababu hakuna barabara ndefu ya kuugawanyia. Ngome ya Yesu kwa mtu wa Shimanzi ni mzigo wa Makupa. Iko kilomita chache kutoka kitandani kwake. Kuibandika kwenye safari ya Mtwapa kunaokoa tuktuk moja na chenji.

Gede ni mambo mengine. Kutoka Mombasa ni kilomita 100 hivi kwa barabara ya Malindi, juu ya hori la Mtwapa na baadaye juu ya daraja la Kilifi la mwaka 1991. Tuchukue nauli ya matatu 400 kwa kiti. Watu wanne kwenda na kurudi, 3,200. Tuktuk za Shimanzi kwenda na kutoka stejini, 300. Tuktuk kutoka barabara kuu ya Gede hadi magofuni na kurudi, 200. Kiingilio 300. Jumla 4,000. Hapo kiingilio ni asilimia saba na nusu ya matumizi yote. Hata serikali ikikifuta kesho, familia hii haitaona nafuu ya maana.

Watamu peke yake, siku nyingine, kwa nauli hizo hizo: 3,200, na 300, na tuktuk ya 200 kutoka barabara kuu hadi ufuoni, mara mbili. Ni 3,900, na kuogelea kwenye ufuo wa umma hakuna tiketi. Kwa siku mbili umetumia 7,900. Sasa ziunganishe: 3,200 za matatu, 300 za tuktuk za nyumbani, 100 kutoka barabara kuu hadi magofuni, 300 za kiingilio, 250 kutoka magofuni hadi Watamu, na 200 kurudi barabara kuu. Jumla 4,350. Umeokoa 3,550, asilimia 45, karibu mshahara wa siku sita.

Kwa hiyo jambo la kupima ni urefu wa barabara inayotumiwa na mahali pote pawili. Pa pili pakiwa mwisho wa safari ile ile ya mbali, gharama yake huwa ndogo mno. Pakiwa karibu na nyumbani, hapana haja ya kupapachika kwenye safari ya mbali. Paache pawe na siku yake.

Kuna atakayesema: pesa sawa, lakini mimi nina Jumapili moja. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu watu wataendelea kuunganisha Jumba na Ngome hata baada ya kusoma hesabu hii. Basi tuipime siku nayo. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima mwanga wa mchana ni saa 12 hivi, haukopeshi wala haulipi. Ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Jumba la Mtwana lataka saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka. Ngome yataka saa mbili, tatu ukiwa na mtoto anayepanda kila mzinga. Hizo ni saa tatu na nusu za kutazama. Njiani, pamoja na kungoja matatu ijae na tuktuk ifike, hesabu saa nne. Gede na Watamu ni saa tano au zaidi njiani kwa saa nne za kutazama na kuogelea, na hapo umeondoka alfajiri.

Ukigawanya shilingi kwa saa za kutazama, familia nzima hulipa 500 kwa kila saa ya Ngome ikienda Ngome peke yake. Jumba na Ngome pamoja ni kama 770 kwa saa. Gede na Watamu, kama 1,090. Jumba peke yake ndilo ghali kuliko haya matatu, kama 1,270 kwa saa, na hili lilinishangaza, kwa sababu kila mtu hudhani palipo karibu ndipo pa rahisi. Kinachoumiza Jumba ni kwamba ni dogo: umelipa nauli ya watu wanne kwa saa moja na nusu.

Dogo kwa eneo, namaanisha. Kwa mambo halikosi. Mji huu wa karne ya 14 uliishi muda mfupi, kama karne moja, kisha watu wakahama, na hadi leo hakuna aliyetoa sababu isiyopingwa. Ulichimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman mwaka 1972. Misikiti minne, kaburi na nyumba nne bado zinatambulika kati ya mibuyu, na majina ya nyumba yalitolewa na wachimbuaji kwa walichokikuta: moja ina jiko, nyingine ina milango mingi. Nenda moja kwa moja kwenye msikiti wa ufuoni. Pembeni yake kuna birika la kutawadhia, na kwenye birika yamewekwa mawe ya matumbawe ya kusugulia miguu, kwa sababu waumini walikuja wakiwa na mchanga wa pwani nyayoni. Mwekee mtoto kidole juu ya jiwe hilo. Mtu wa miaka mia sita iliyopita alikuwa na tatizo lile lile la mama wa mtoto huyo anapomkataza kuingia na mchanga sebuleni.

Jambo jingine la kuangalia hapo ni bahari yenyewe. Mbele ya Jumba hakuna bandari. Vyombo vikubwa havikuweza kutia nanga karibu. Vilikwenda hori la Mtwapa au nje zaidi. Mji wa biashara uliojengwa mahali chombo hakifiki ni jambo la kushangaza mpaka ufikirie kwamba na adui alikuja kwa chombo.

Ngome imejengwa kwa fikra nyingine: kuliona kila jahazi linaloingia mlango wa bandari na kulifikia kwa mzinga. Wareno waliianza mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Milan, na eneo lililoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011 ni hekta 2.36, pamoja na handaki na mazingira yake ya karibu. Yusuf bin Hassan, sultani wa Mombasa, aliiteka mwaka 1631. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, na meli iliyotumwa kuokoa Wareno waliokuwa ndani, Santo António de Tanná, ilizama hapo hapo mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliifanyia kazi kuanzia 1977 hadi 1980 na vitu vyake vimo makavazini. Waingereza waliigeuza gereza kutoka 1895 hadi 1958. Wageni huambiwa sana habari za Wareno, lakini wazee wengine wa Mji wa Kale bado wanaikumbuka kama jela, na kwangu miaka hiyo 63 ya kufuli inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa.

Gede inazishinda zote kwa ukubwa: eka 45, wakati Ngome na mazingira yake haifiki eka sita. Ni mara saba na nusu hivi, na kwa miguu ya mtoto tofauti hiyo ni ya kweli. Ina kuta mbili, wa ndani na wa nje, Msikiti Mkuu, kasri, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Kirkman alichimba hapo kuanzia 1948, na mwaka 2024 UNESCO nayo ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kwenye kiwanja hicho hicho kuna shamba la vipepeo la Kipepeo, lililoanzishwa 1993, ambapo wakazi wa pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo kwa ajili ya kuuza nje. Msitu wenyewe uko dakika chache kwa tuktuk, zaidi ya kilomita za mraba 400. Ila kwa siku moja usitie pupa: magofu, vipepeo, msitu na bahari pamoja ni orodha ya mtu asiyeteremka garini.

Chakula nimekiacha nje makusudi, kwa sababu ndicho kinachobadilika zaidi kwa nyumba na nyumba. Ukibeba mahamri na mbaazi kwenye bakuli lenye kifuniko, maji lita tano, na machungwa, siku ya Jumba na Ngome inaweza kuisha kwa shilingi 300 za viazi vya karai na ukwaju hapo Ngomeni jioni. Ukila hotelini Mtwapa watu wanne, weka 1,200 uwe salama. Kwa wastani wa 800, siku inafika 3,500: karibu mshahara wote wa wiki wa kile kima cha chini, zaidi kidogo ya fungu moja kwa tano la mshahara wa mwezi. Ndiyo maana watoto wengi wa kisiwani huiona Ngome kwa ndani kwa mara ya kwanza na shule, na wengine hawaingii kabisa ijapokuwa hupita nje yake kila Iddi.

Akina mama wa chama wakisikia nauli hizi huuliza haraka: kwa nini tusikodi? Tukadirie matatu ya watu 14 kwa kutwa, pamoja na dereva na mafuta, 9,000 kwa Mtwapa na kurudi Ngomeni, na 14,000 kwa Gede na Watamu. Kwa safari fupi, 9,000 kwa 14 ni 643 kwa kila mtu. Kwa gari za abiria familia yetu imetumia nauli 1,800, yaani 450 kwa kichwa. Kukodi kumewazidi kwa shilingi 193. Kwa safari ndefu, 14,000 kwa 14 ni 1,000, na kwa gari za abiria ni 4,050 kwa wanne, kama 1,013. Hapo mmekaribia kutoshana, na juu yake mmepata gari la kuwasubiri, mahali pa kuacha masufuria, na hakuna tuktuk ya kupatana nayo juani. Lakini hesabu hiyo ni ya gari lililojaa. Wakija 10, kila mmoja ni 1,400. Anayesema "nitakuja inshallah" bila kutoa pesa ndiye anayeiharibu bajeti, kwa hiyo chukueni mchango kamili siku tatu kabla.

Hesabu zote hizi hugeuka juu chini wageni wanapotoka Ghuba. Familia nyingi za Kibokoni na Mji wa Kale zina ndugu Muscat na Dubai, na wanaporudi likizo watoto wao huwa na pasipoti za huko. Kwa asiye mkaazi, kiingilio kilichozoeleka cha Ngome ni 1,200 kwa mkubwa na 600 kwa mtoto. Jumba na Gede 500 na 250. Wakubwa wawili na watoto wawili: Ngome 3,600, Jumba 1,500, jumla 5,100. Nauli zikibaki 1,800, kiingilio sasa ni asilimia 74 ya matumizi. Babu aliyezaliwa hatua mia moja kutoka langoni atalipa mara sita ya jirani yake. Ana pa kunung'unika, ingawa kiutaratibu karatasi ndiyo inayotazamwa, na mwenye kitambulisho cha Kenya akikiacha ndani ya droo kule Muscat atajilaumu mwenyewe. Kwa familia kama hii ushauri unabadilika: nauli haiwaumi, kwa hiyo wachague mahali kwa hamu yao, na wawatangulize wenye kitambulisho cha hapa kulipia fungu lao kando.

Kwa wanaounganisha Jumba na Ngome, anza kaskazini. Asubuhi magari yanaingia kisiwani na wewe unatoka. Jioni yanatoka na wewe unaingia. Bahari nayo ina lake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji ya Mombasa hutoka sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, na tofauti ya kina huzidi mita tatu. Kwa hiyo mbele ya msikiti wa Jumba utaukuta mwamba uko wazi asubuhi, na watoto wanaweza kutembea kwenye vidimbwi wakiwa na ndala. Anayetaka kuogelea atakuta magoti tu. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Mwezi wa Mei usijisumbue, ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, na ile njia ya kilomita tatu kutoka barabara kuu haina huruma.

Mimi ningeitenganisha kabisa. Ngome ningeiendea alasiri ya siku yoyote, baada ya saa tisa jua likilegea, 1,000 kwa wote wanne, na watu warudi nyumbani kabla ya Magharibi. Zile 1,700 zilizobaki kutoka kwenye bajeti ya 2,700 ningezitia kwenye kibubu cha Gede na Watamu. Zinapungua 2,650 kufikia 4,350. Kwa kuweka 100 kila Jumamosi ni wiki 27, nusu mwaka. Na siku ya kupanda matatu ya Malindi, mwambie makanga mapema kwamba unashuka Gede, na nauli mpatane kabla gari halijaondoka stejini.